Ukubwa wa Mabomba ya Maji Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bura)



Kamati imenipa kazi ya kusema juu ya mabomba. Mimi si mhandisi. Shule yangu ni ya msingi, ya misheni, na hesabu nitakazozitaja ni za kuzidisha na kugawanya tu. Mwenye kalamu na aandike, maana Jumamosi fedha zitatoka, na fedha zenyewe ni mkopo utakaokatwa katika mishahara yetu kila mwezi.

Habari mnaijua. Nyumba 10 tumepatana kuleta maji kutoka kijito cha juu. Tumepima njia: urefu mita 600, mteremko mita 30. Wako wataka nusu inchi kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Wako wataka inchi 2, wasije wakajuta. Pande mbili hizi sasa hata salamu zimepungua. Nami naona hakuna aliyeuliza kwanza: maji mangapi, na kwa saa ngapi?

Kuleta maji kwa bomba si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 1915, katika vita vikuu vya kwanza, jeshi la Waingereza lilipojenga reli kutoka Voi kwenda Maktau, lilitoa maji milima ya Bura kwa bomba, kwa sababu nyika ile ni kavu. Na mwaka 1957 maji ya Mzima yalifika Mombasa kwa bomba la kilomita 220 hivi. Lakini mfano ninaoutaka ni mdogo zaidi, nao ni wa stesheni.

Wazee waliofanya kazi wakati wa injini za mvuke wanakumbuka tangi la maji kando ya njia. Tangi lilijazwa polepole, mchana na usiku, kwa bomba la kiasi. Injini ilipofika, mkono mnene uligeuzwa juu yake, ukamwaga maelfu ya galoni kwa dakika chache, gari likaondoka. Kama pasingekuwa na tangi, ingebidi bomba nene litandazwe toka mtoni mpaka stesheni. Hapo ndipo penye jawabu letu.

Sasa hesabu. Maji yakipita ndani ya bomba husuguana na kuta zake, na msuguano huo hula mteremko. Chukua mfereji mmoja wa kawaida utoao lita 12 kwa dakika. Katika kila mita 100, bomba lenye tundu la nusu inchi (milimita 16) hula mita 9 za mteremko. La robo tatu (milimita 21) hula mita 2 na nusu. La inchi moja (milimita 27) halifikii hata mita moja. Angalieni tofauti hiyo! Bomba likiongezwa kidogo tu, msuguano huanguka sana. Kwa mteremko ule ule, bomba lenye tundu mara mbili hupitisha maji mara 6 hivi.

Twende kwenye njia yetu. Mita 30 kwa mita 600 ni mita 5 kwa kila 100. Nusu inchi itatuletea lita 9 hivi kwa dakika. Asubuhi, nyumba 10 zikifungua pamoja, kila moja haipati hata lita moja kwa dakika. Mtungi wa lita 20 utajaa kwa dakika 22, na mtoto amechelewa shule. Robo tatu italeta lita 18. Mtungi utajaa kwa dakika 11. Ili kila nyumba ipate lita 12 kwa wakati mmoja, yatakiwa bomba lisilopungua inchi moja na nusu, na afadhali inchi 2, kwa mita 600 zote. Ndugu wa inchi 2 hawakukosea. Ila mkopo wetu hauwezi.

Lakini tukiweka tangi juu ya nyumba, mambo yanageuka. Kila nyumba ikitumia lita 200 kwa siku, jumla ni lita 2,000. Robo tatu huzileta kwa muda usiotimia saa 2, nasi tumelala. Hata nusu inchi ingezileta kwa saa 4. Ndugu wa nusu inchi nao wana hoja. Mimi nachagua robo tatu kwa sababu nyumba zitaongezeka, na bomba la chuma likishika kutu ndani hupungua tundu. Kutoka tangini, ambalo litakuwa mita 10 juu ya nyumba, tutandaze mita 100 za inchi moja na nusu, kisha nusu inchi fupi kuingia kila nyumba. Unene tuununue pale unapofanya kazi.

Dukani muwe macho. Bomba la chuma huitwa kwa tundu lake, la plastiki huitwa kwa unene wa nje. Lile la PPR la milimita 20 mnaloambiwa ni sawa na nusu inchi, likiwa la daraja la maji moto, tundu lake ni milimita 13 tu. Hupitisha kama mafungu matatu kwa matano ya nusu inchi ya chuma. Chukueni rula.

Ndugu mmoja aliuliza habari ya pampu ya joto, mtambo ambao ni kama friji iliyogeuzwa: huchukua joto la hewa ya nje na kulitia majini. Ulaya watu hupashia nyumba nzima kwa mtambo huo. Mtambo wa gesi waweza kurudishiwa maji yaliyopoa nyuzi 20, lakini pampu ya joto hutaka yapoe nyuzi 5 hivi. Basi joto lile lile linahitaji maji mara 4, na mabomba membamba ya zamani huwashinda.

Kwa maji moto ya kuoga mambo ni kinyume. Mita 15 za nusu inchi hushika lita 3. Za inchi moja hushika zaidi ya lita 8, na zote hizo zimepoa, utazimwaga kabla ya moto kufika. Kwa hiyo bomba la maji moto liwe fupi na jembamba. Na lile jeusi la shambani msilitumie kwa maji moto, litalegea.

Orodha nimeiandika, iko kwa Bwana Katibu: robo tatu mita 600, inchi moja na nusu mita 100, tangi la lita 5,000, na valvu ya kufungia kwa kila nyumba. Mwenye kupinga aje na hesabu yake kabla ya Ijumaa jioni.