Mwili Ukiugua, na Moyo Huugua

Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu. Mitaani kwetu, Kibokoni, Kuze mpaka Bondeni, mtu akiwa na sukari au presha twasema ni mgonjwa, na twampeleka Makadara. Lakini akijifungia chumbani, hali wala halali, hana raha na chochote wiki baada ya wiki, maneno hugeuka: ati ana jini, ati imani yake ndogo.

Hebu tumtazame Nabii Yaqub (a.s.). Sura Yusuf, aya ya 84, yatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Huzuni ilikuwa moyoni, yakaumia macho. Nani atathubutu kusema imani ya Nabii ilikuwa ndogo?

Wanavyuoni wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi (850–934) aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na nafsi pamoja, akaeleza kuwa kimoja kikiugua chamuumiza mwenzake. Alitofautisha pia huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu, ambayo aliona chanzo chake kimo mwilini.

Leo madaktari wasema mwenye sukari huweza kupata dipresheni mara 2 hadi 3 kuliko asiyenayo. Na njia hii ni ya kwenda na kurudi. Mwenye dipresheni huacha dawa, hatembei, hula ovyo, sukari yapanda, na moyo wazidi kuzama. Mwingine hukimbilia muguka aondoe mawazo, kumbe yamuondolea usingizi. Hata upungufu wa damu, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huweza kumfanya mtu awe mzito namna hii. Basi mtu apimwe kwanza kabla ya kulaumiwa.

Sasa, Ramadhani. Wako wanaoacha dawa kimya kimya ili wafunge. Ndugu zangu, tusifanye hivyo! Muulize daktari, dawa nyingi za dipresheni ni za mara 1 kwa siku, na aweza kukupangia baada ya futari. Kuziacha ghafla huweza kurudisha maradhi. Na kama swaumu itakudhuru, Allah amekupa ruhusa: utalipa ukipona, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini.

Kisomo ni kheri, lakini hakimkatazi mtu hospitali. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu. Kwa hiyo tumsomee mgonjwa wetu, tumpeleke kwa daktari, na baada ya tarawehe tumshike mkono tutembee naye Mama Ngina apate upepo. Futari iwe na tende na matunda, si viazi karai na kaimati peke yake. Na akianza kutaja kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Allah awaponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa moyo, na atutakabalie swaumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.