Fare za gari yetu: fyuzi kwanza, swichi nyuma

Maneno tuliyosema mbele ya mashofere, vijana wa gereji na wamemba wa umoja, hapa Bulambika



Wengi wenu mulisikia habari ya ile safari. Tulikuwa tunapeleka mama mugonjwa Bukavu, saa kumi na moja ya asubuhi, kungali giza. Barabara hii tunaijua: ukitoka Bunyakiri unapanda pori ya Kahuzi-Biega, na upande wa Tshivanga uko juu ya mita 2000. Ukungu unafunga macho. Juu ya ukungu huo tulikuwa tumeongeza fare mbili mbele ya gari. Katikati ya pori, harufu ya plastiki inayoungua ikaingia ndani, kisha moshi ukatoka kwenye tablo. Shofere akaruka, akatoa kichwa cha bateri. Tukakata waya ya zile fare, tukaendelea polepole na fare za zamani nyuma ya kamio moja. Mama alifika. Lakini ilibakia kidogo.

Hatuna mutu wa kulaumu. Sisi wenyewe njo tulifunga zile fare. Tulitwaa waya nyembamba ya radio, tukaitoa kwenye bateri, tukaipitisha kwenye swichi (enterupteri) ya tablo, paka kwenye fare. Hakuna fyuzi, hakuna rele.

Hesabu ni nyepesi. Kila fare ilikuwa ya wati 55. Mbili ni 110. Gawanya na volti 12, unapata karibu ampea 9. Zile ampea zote zilikuwa zinapita ndani ya swichi ndogo ya kuwashia taa ya kibini. Waya ikapata moto, swichi ikayeyuka.

Rele njo inamaliza shida hii. Ni kile kisanduku kidogo chenye miguu ine ao tano, na kila mguu una namba. Fikirini barabara mbili. Barabara kubwa inatoka bateri, inapita fyuzi, inaingia mguu 30, inatokea 87, inaenda kwenye fare. Kutoka fare inarudi kwa masi, ni kusema chuma ya gari. Barabara ndogo inatoka swichi, inaingia 86, inatokea 85, inaenda masi. Ukibonyeza swichi, rele inalia "tak", barabara kubwa inafunguka. Swichi inatoa amri tu, haibebi muzigo: hata nusu ya ampea haipiti pale. Moto wa swichi utwae kwenye waya yenye fyuzi yake na inayokufa ukizima kontakti. Kama kuna mguu 87a, uache bila waya.

Fyuzi (fizible) inalinda waya, hailindi fare. Njo maana inakaa karibu na bateri, urefu wa kiganja kimoja. Ukiiweka mbali, ile waya iliyo mbele yake haina mulinzi. Kwa fare zetu mbili, waya ya milimita mraba 2.5 na fyuzi ya 15 zinatosha. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usifunge waya pale, wala karatasi ya sigara. Mutu anayefanya vile ameweka kiberiti ndani ya gari ya wengine.

Muangalie tena volti. Gari ndogo na Hiace ni 12, lakini kamio nyingi kama Fuso ni 24. Soma maandiko juu ya rele. Ya 12 ukiiweka kwenye 24 itaungua. Ya 24 kwenye 12 inaweza kukataa kulia.

Wakati wa kazi, toa kichwa cha kutoa (–) kwanza, ukirudishe mwisho. Waya ikipita kwenye tundu ya chuma, ivalishe kipande cha shambreri ya zamani, juu barabara yetu inatikisa na chuma inakata. Vichwa vya waya vibanwe na koleo, visisokotwe na vidole. Rele ielekee chini, maji yasiingie. Ukimaliza, washa fare dakika kumi, kisha gusa waya. Kama ina moto, kazi haijaisha.

Wafadhili wetu, mulituuliza juu ya nini tunaomba koleo ya kubana, mita ya umeme na sanduku ya fyuzi, kuliko fare mupya. Jibu ni ile harufu kwenye pori. Na kuna jibu la pili: vijana waliorudi na mikono mitupu wanaweza kupata kazi hapa, kama wanaijua vizuri.

Tangu leo, gari ya umoja haitoki bila fyuzi za akiba, namba ileile, ndani ya tablo. Shofere akikuta waya mahali pa fyuzi, asiwashe. Atuite. Hatutamukasirikia juu ya kuchelewa.