Kutia foto kwenye udongo: maneno kwa wanachama wa Kabambare

Wafadhili mtakaosoma maneno haya mbali, aksanti kwa ule udongo.

Tuanze na foto yenyewe. Wengi wetu tulikimbia na mwili tu. Jamaa inaweza kubaki na foto moja ya baba, imekunjwa, imelowa mvua njiani. Ile haiguswi na maji wala gundi! Ipige fotokopi, irudi nyumbani siku ile ile. Tunafanya kazi na kopi tu.

Kopi itoke kwa masini ya tona, ile wino ya unga. Wino wa maji haufai, juu utatapakaa tukilowesha karatasi. Jaribu hivi: lowesha kidole, pitisha juu ya herufi. Zikichafuka, rudisha. Kama kuna jina, mwenye masini aligeuze kama kwenye kioo, maana karatasi inalazwa kifudifudi. Jina la marehemu likisomeka kinyume, jamaa watalia mara ya pili.

Udongo huu si wa mto Luama; ni plastiki laini. Unausawazisha na chupa, unalaza kopi, unakandamiza na mgongo wa kijiko, unaacha nusu saa. Kisha unalowesha karatasi na kuisugua kwa kidole, polepole, inatoka vipande vipande, sura inabaki. Hapo vijana wanapenda kuharakisha, na pua ya mzee inaondoka na karatasi.

Kuoka ni karibu digrii 130, dakika 15 mpaka 30, lakini fuateni pakiti. Sisi tuko na makala na sufuria ya mchanga, kwa hiyo kipima joto ni lazima. Udongo huu ukiungua unatoa moshi wa sumu. Okeni nje, na sufuria ile isirudi kupika bugali.

Wamama wafinyanzi wameuliza kama chungu kinakubali. Hapana: moto wa chungu unapita digrii 600, tona inaungua. Ubao ndio unakubali. Paka gundi nyeupe ya seremala, laza kopi, ikauke usiku mzima, kisha lowesha na usugue vile vile. Mimi naona ubao ndio njia yetu, kwani mbao ziko hapa na huu udongo utaisha. Basi wafadhili wakiuliza tutumiwe nini, tuseme tona na vipima joto viwili, si sanduku lingine la udongo.