Neno Baya Shuleni Lisigeuke Vita vya Makabila

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na viongozi wao, huko Nyankunde, Ituri



Siku ya leo tunazungumza juu ya watoto wanaoonewa na wenzao, shuleni na kwenye simu. Labda mzee mmoja atauliza: "Tumepoteza mashamba na nyumba. Matusi ya watoto ni shida ya kutukalisha hapa?" Mzee wangu, ndiyo. Katika Ituri yetu tusi la mtoto linaweza kufika mbali kuliko mtoto mwenyewe. Asubuhi watoto wawili wanagombana juu ya daftari. Saa sita kaka zao wamejua. Jioni watu hawasemi tena "fulani amempiga fulani", wanasema "watu wa kabila lile wamepiga mtoto wetu."

Sisi wa hapa tunajua mwisho wa njia hiyo. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Kwa muda wa siku kumi hivi watu wasiopungua 1,200 waliuawa, kufuatana na hesabu ya shirika la Human Rights Watch. Watu walitafutwa kwa kabila lao, hata wagonjwa waliolala katika hospitali. Na kwa jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi "mende" siku baada ya siku, mpaka wengi wakaona kuua mtu ni kama kuua mdudu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakubwa wa redio hiyo. Majaji walikubali kwamba maneno nayo yanaua.

Mtoto wa miaka tisa anayemtukana mwenzake si muuaji. Lakini neno analolitumia, nani alimpa? Mara nyingi alilisikia kwetu, kando ya moto, tulipodhani amelala.

Mchezo ni nini, uonevu ni nini?

Watoto hutaniana, na utani si kosa. Uonevu una alama tatu. Kwanza, unarudiwa: leo, kesho na kesho kutwa. Pili, mwenye nguvu anamwelekea asiye na nguvu, au wengi wanamzunguka mmoja. Tatu, nia yake ni kumwaibisha. Mtoto anaitwa "mkimbizi" kila anapotaka kusoma mbele ya darasa. Anachekwa kwa kiatu kilichopasuka, kwa lugha ya mama yake, kwa ugonjwa, kwa kilema. Msichana anafuatwa njiani kwa maneno ya aibu. Huo ni uonevu.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni za bure katika nchi yetu. Ni jambo jema, lakini madarasa yamejaa. Mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi hivyo hawezi kuona kila kitu. Anahitaji macho yetu.

Mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi. Anaogopa, au anaona kwamba baba na mama wamekwisha kubeba mengi. Basi tumwangalie. Kila asubuhi tumbo linamuuma, lakini siku ya Jumapili ni mzima. Anapita njia ya mbali. Daftari zinapotea, nguo zinapasuka. Aliyekuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Hali vizuri, halali vizuri, hataki kucheza. Mzazi, usimpige kwa sababu hiyo. Keti naye, umwulize polepole, umwache amalize. Umwambie: "Umefanya vema kuniambia. Kosa si lako."

Tusipomsikiliza, wako wengine watakaomsikiliza. Mtoto aliyeacha shule kwa aibu, anayekaa bila kazi na moyo wenye uchungu, ni rahisi kuitwa na watu wa silaha. Watamwambia: "Kwetu hakuna atakayekucheka." Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ya The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri yetu. Tunajua watoto wale walirudije, na wangapi hawakurudi.

Simu

Zamani tusi lilibaki kwenye kiwanja cha shule, na mtoto akifika nyumbani alipumzika. Leo linamfuata. Mtu anampiga picha akilia, au anarekodi sauti ya kudharau kabila lake, anaiweka katika kikundi cha WhatsApp. Hata familia isiyo na simu haikupona, kwa sababu simu moja hutazamwa na watoto ishirini.

Ukipokea kitu cha namna hiyo, usikitume kwa mwingine, hata kwa kusema "tazameni ubaya wao." Anayekipeleka mbele anafanya kazi ya aliyekianzisha. Usijibu kwa tusi. Kihifadhi ili kiwe ushahidi, ukionyeshe kwa direkta, prefe au shefu. Sheria iko: sheria ya 7 Juni 1966 inaadhibu chuki ya kikabila, sheria ya 10 Januari 2009 inalinda mtoto, na sheria ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 inaadhibu kumsumbua mtu kwa njia ya simu na intaneti.

Tufanye nini?

Wazazi: msimtume kaka mkubwa kulipiza. Nendeni kwa mwalimu siku ile ile, mkataje tendo, msitaje kabila. Semeni: "Mtoto huyu alimpiga wangu mara tatu wiki hii." Hapo shida inabaki ya watoto wawili, na inaweza kumalizika.

Walimu: msimcheke mtoto mbele ya wenzake, kwa maana darasa linamfuata mwalimu. Msiwaketishe waliohama benchi moja na wenyeji benchi nyingine. Wachanganyeni, katika kusoma, kufagia na mpira.

Komite za wazazi: katika kila komite awemo mama au baba wa familia zilizohama. Asiyekuwa na mtu wa kumsemea huonewa bila kujulikana.

Wazee na mashefu: jambo likifika kwenu, iteni wazazi wa pande zote mbili pamoja. Kusikiliza upande mmoja usiku ni kuwasha moto. Mtoto aliyekosa asifukuzwe tu. Aombe msamaha, atengeneze alichoharibu, na tuulize yeye naye anaumia wapi. Mara nyingi anayepiga shuleni anapigwa nyumbani. Lakini kama kuna majeraha, silaha, au msichana ametendewa vibaya, hilo si la baraza. Apelekwe hospitali upesi, na jambo lifike kwa wenye sheria.

Vijana: ukiona mwenzako anazungukwa, usicheke. Mwonevu anatafuta watu wa kumchekea. Nenda usimame karibu na anayeonewa, au ukimbie kumwita mkubwa. Kumwita mkubwa si usaliti.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu tumekwisha kujenga ukuta zaidi ya mara moja. Basi jioni ya leo, kila mmoja amwulize mtoto wake neno moja: "Shuleni wanakuitaje?" Halafu anyamaze, asikilize.