Lisiloandikwa Halikusemwa: Jalada, Rufaa na Haki ya Mtu wa Kyela



Nimeombwa nizungumzie rufaa. Tukisikia neno hilo tunawaza wakili hodari akisimama mbele ya majaji. Mimi nitazungumzia jalada, yale makaratasi yanayokaa masjala, kwa sababu ndimo haki ya mtu inamolindwa au kupotea kabla jaji yeyote hajaiona.

Tazameni ardhi yenyewe ya Kyela. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Kwenye bonde la mito hiyo hulimwa mpunga unaosifika nchi nzima, na kakao hukua pamoja na migomba. Lakini Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, huhama njia mafuriko yakija, hata serikali mbili zimelazimika kukaa pamoja kutafuta namna ya kuutuliza. Ikiwa maji yanasumbua mpaka wa nchi, mpaka wa shamba la ekari mbili, unaotegemea mgomba na kumbukumbu ya mzee mmoja, una kinga gani?

Zamani kumbukumbu ilitosha, maana wazee walioamua pamoja na malafyale, yaani chifu, waliishi na mashahidi na kulijua shamba. Waingereza, kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929, waliipeleka rufaa kwa maofisa wa utawala, kutoka wilaya na jimbo hadi kwa Gavana. Aliyeonewa na utawala akawa analalamika kwa utawala uleule. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliziunganisha mahakama zetu ziwe ngazi moja, na mwaka 1979 tukapata Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Tulipata ngazi ya haki, lakini tukapokea na sharti lake: jaji wa juu kwa kawaida hamwoni shahidi wala mgomba. Anasoma.

Kwa hiyo mwananchi hana budi kuijua njia. Mirathi ya kimila huanzia Mahakama ya Mwanzo. Asiyeridhika ana siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya, na siku 30 nyingine kukata rufaa Mahakama Kuu. Na hati ya rufaa hiyo huwasilishwa kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi. Mgogoro wa ardhi una njia yake. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata hupatanisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na anayepinga uamuzi wake wa mwanzo ana siku 45 kufika Mahakama Kuu, ambayo kwa mtu wa Kyela iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kupanda milima. Akichelewa, ataomba kuongezewa muda, na atatakiwa aeleze kila siku iliyopita. Ndiyo maana nasema: iombeni nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri mapema, kwa barua, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayowasemea mtakapoulizwa mlikuwa wapi.

Wajibu si wa mwananchi peke yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya, ilipitia shauri la ardhi lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria inataka wazee wa baraza watoe maoni kabla ya hukumu. Mwenyekiti aliyataja maoni hayo katika hukumu yake, lakini jalada halikuonyesha yalitolewa lini, wala kwamba wadaawa waliyasikia. Mwenendo ukafutwa. Pengine wazee wale walisema, na walisema vema. Lakini lisiloandikwa halikusemwa. Aliyeumia si aliyesahau kuandika, ni mkulima aliyeuza magunia ya mpunga kulipia nauli za mashahidi.

Kwa miongo mingi kulikuwa na jeraha jingine. Shahidi alisema kwa Kiswahili mbele ya Hakimu wa Wilaya, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na shahidi asiweze kuyasoma maneno yake mwenyewe. Mwaka 2021 Bunge liliifanya lugha yetu kuwa lugha ya mahakama. Hilo nalihesabu miongoni mwa matendo makubwa ya haki tangu uhuru. Na sasa mashauri yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Ni jambo jema, maana nauli ya Mbeya inaokoka. Lakini mfumo huhifadhi kilichoingizwa tu. Ushahidi ulioandikwa nusu utabaki nusu, hata ukikaa kwenye kompyuta.

Naomba mambo mawili. Kila shahidi asomewe alichoandikiwa kabla hajatoka kizimbani, naye aruhusiwe kusahihisha. Na wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wafike hadi kata za mwambao, wawafundishe watu kuhesabu siku tangu uamuzi unaposomwa.

Masika ijayo Songwe utafurika tena, na mgomba wa mpakani huenda ukaenda na maji. Mjane atakayesimama Mbeya kuudai mpaka wake atakuwa na jalada tu. Tumwandikie vizuri.