MANENO YA KISIMANI
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Lamu



Tumeombwa tuseme machache juu ya lugha inayotumika katika kazi ya kutafuta na kuchimba mafuta na gesi. Huenda wengine wenu wakauliza, chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na maneno? Hiyo si kazi ya walimu? Twajibu kwamba juu ya mtambo neno ni chombo cha kazi kama spana. Aliyepewa spana isiyoenea nati hujiumiza vidole. Aliyepewa neno asilolielewa aweza kuwaumiza wote walio katika zamu moja naye.

Kwanza tukumbushane historia. Kampuni za BP na Shell zilichimba bara yetu, huko Dodori, mwaka 1964, na mwaka 1971 wakachimba katika kisiwa cha Pate. Kisima hicho cha Pate kilionyesha dalili za gesi, kisha kikafungwa. Karibu nusu karne baadaye ikaja kampuni ya Zarara kuchimba cha pili hapo hapo Pate. Baharini, mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, kampuni ya Woodside ilichimba Pomboo kwa meli ya Kijapani iitwayo Chikyu, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya meta 2,000. Mwaka 2012 Apache wakachimba Mbawa. Eni wakachimba Mlima, wakamaliza mwaka 2022. Hata kimoja katika hivyo hakijatoa tone la kuuzwa.

Tazameni majina hayo: Pomboo, Mbawa, Mlima. Kabla yake, miaka ya 1970 na 1980, palikuwa na Simba, Maridadi na Kofia. Yote ni Kiswahili safi! Kampuni zimeona vyema kuazima lugha yetu kuvibatiza visima, nasi hatukatai, jina zuri halina kodi. Lakini ukishapita jina, kazi iliyobaki yote huendeshwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mtambo ambacho hata Mwingereza wa dukani hakielewi.

Basi tuanze na chombo chenyewe. Fundi wa Matondoni akitaka kutoboa ubao wa jahazi hushika keekee, huizungusha kwa uta, chuma kikala mti, na unga wa mti ukatoka wenyewe. Mtambo wa kuchimba mafuta ni keekee hiyo hiyo iliyokua. Chuma chake kina meno, nacho hufungwa kwenye mabomba marefu yanayoungwa moja baada ya jingine kadiri shimo linavyozidi kwenda chini. Tofauti ni hii: unga wa fundi wa Matondoni hudondoka miguuni pake, bali vipande vya mwamba vilivyo chini meta 3,000 havina njia ya kutoka. Lazima viletwe juu, na kinachovileta ni tope.

Hapa twaomba msikilize sana, maana neno hili ndilo lililotufanya tuandike mazungumzo haya. Mtu akiambiwa kazi yake ni kwenye tope, hudhani ametupwa kwenye uchafu, kazi ya asiye na kisomo. Sivyo hata kidogo. Tope la kisima hupikwa kwa vipimo: maji au mafuta, udongo maalumu, na unga mzito wa jiwe uitwao baraiti. Pampu hulisukuma ndani ya mabomba mpaka kwenye meno ya keekee, likayapoza, kisha likarudi juu kwa nje ya mabomba limebeba vipande vya mwamba. Na juu ya hayo lina kazi kubwa kupita zote, nayo ni uzito wake. Gesi iliyo chini imebanwa na uzito wa dunia iliyo juu yake, nayo hutafuta upenyo usiku na mchana. Tumelitoboa tundu sisi wenyewe. Kinachoizuia isipande ni uzito wa tope lililojaa tundu hilo. Likiwa jepesi mno, gesi huingia. Likiwa zito mno, hupasua mwamba na kupotelea humo, kina chake kikashuka, na gesi ikaingia vile vile. Tope ndilo mlinzi wa kwanza wa kila roho iliyo juu ya mtambo. Kibarua anayelinda birika la tope ni mlinzi wa mlinzi.

Kwa hiyo kibarua huyo apaswa kujua mambo mawili kabla ya yote. Birika likipanda na hakuna aliyeongeza kitu, kuna kitu kimeingia kisimani. Tena, pampu zikisimama na tope likaendelea kutoka, hali ni hiyo hiyo. Hapo hangoji kuwa na hakika, hamalizi sigara yake. Humwita msimamizi wa zamu mara moja.

Hali hiyo Waingereza wameiita kwa neno lao la teke la mguu, na mitamboni husemwa kiki. Wako watu wanaoifasiri kuwa teke. Sisi hatuipendi tafsiri hiyo. Teke ni jambo lililokwisha: umepigwa, umeumia, basi. Hili ndilo kwanza laanza, na dakika zilizobaki ndizo za kuokoa watu. Afadhali tuseme kisima kimeingiliwa, kama vile twasema nyumba imeingiliwa na mwizi; kila mtu ajua kwamba mwizi yungali ndani. Na kikishindwa kuzuiwa, kisima hufumuka. Wengine huita hali hiyo mlipuko, lakini twaona hilo nalo lapotosha, kwa sababu gesi yaweza kutoka kwa ngurumo nyingi bila moto wowote, na mtu angojaye kuona moto atakuwa amechelewa. Cheche moja ikipatikana ndipo mlipuko huja. Kinywani mwa kisima huwekwa vali kubwa sana za kukifunga, nazo mitamboni huitwa kwa herufi tatu, bi-o-pi. Ni mlinzi wa mwisho. Asiambiwe mtu kwamba kwa kuwa yupo wa mwisho, wa kwanza aweza kulala.

Mtasema labda twatia chumvi juu ya maneno. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa unamaliza kisima kiitwacho Macondo. Walifanya jaribio la kuona kama saruji ya chini imeziba. Bomba moja lilionyesha mkandamizo wa paundi 1,400 kwa inchi ya mraba, ambapo pangetakiwa pasiwe na kitu. Hiyo ilikuwa habari iliyo wazi kwamba kisima ki hai. Lakini likatolewa neno la kueleza namba ile, wakaiita athari ya kibofu, na neno likakubaliwa. Wachunguzi waliofuata hawakuona msingi wa maelezo hayo. Usiku ule kisima kilifumuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini siku 87. Hao walikuwa watu wanaozungumza lugha moja tangu utoto wao! Je, sisi tunaoambiwa kwa lugha ya pili, kwa sauti ya haraka, katikati ya kelele za injini?

Juu ya saruji na mabomba ya ukuta hatutasema mengi. Aliyewahi kuchimba kisima cha maji kwenye mchanga wa Shela ajua kwamba usipojenga ukuta mchanga hukurudia. Kule ukuta ni bomba la chuma, na saruji humiminwa nyuma yake.

Liko neno jingine ambalo haliui mtu lakini humgusa mfukoni, nalo ni kisima kikavu. Msidhani maana yake ni shimo lisilo na kitu. Mbawa ilikuta gesi, lakini haikuwa ya kiasi cha biashara. Kikavu maana yake ni kwamba gharama za kutoa zinazidi bei ya kuuza, na hesabu hiyo hufanywa mbali na hapa. Siku itakapotamkwa, kazi huisha. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi au kidole, uliza: mkataba wangu ni wa miezi mingapi, au ni mpaka kisima kiitwe kikavu?

Na kuuliza si utovu wa adabu, ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Na kama mfanyakazi hajui kusoma au haelewi lugha iliyotumika, mwajiri lazima amfafanuliwe kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 37 chamlinda kibarua wa siku aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi asibaki kibarua milele. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Lakini mtu ataripotije hatari ambayo hana jina lake? Ndiyo maana twataka, kampuni yoyote itakayokuja tena Pate au baharini kwetu, mafunzo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili kabla mtu hajapanda mtambo, na kengele zote zielezwe kwa Kiswahili, na mkataba usomwe kwa sauti.

Katibu wa tawi ameanza kuandika orodha ya maneno haya. Ndugu waliofanya kazi visimani, mkiwa Faza, Siyu, Kizingitini au popote, leteni maneno mliyoyasikia huko na namna mlivyoyaelewa, hata kama ni tofauti na tulivyosema hapa. Orodha itapigwa chapa pamoja na toleo lijalo, na nakala moja itabandikwa ofisini.