Uaminifu Haupimwi kwa Jirani



Petro, alipokwisha kukabidhiwa kondoo kando ya bahari ya Tiberia, aligeuka akauliza habari za mwenzake. Bwana hakumfunulia, alimwagiza amfuate Yeye.

Wamisionari wa Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro mwaka 1920, walimu wenyeji waliendelea kulifundisha kundi. Kama wangalijipima kwa elimu ya waliotangulia, wangalikata tamaa.

Nasi tusiihesabu miaka hii mia kwa kuwa kengele yetu yasikika mbali kuliko ya usharika jirani, wala kwa ahadi ya nani ilizidi ya nani. Siku ile hatutaulizwa habari za jirani. Tutaulizwa kondoo tuliokabidhiwa wako wapi.

Amina.